Nimepunguzwa Tumbo, Narudi Lini Kazini?

Barua za safu hii mwezi huu zimetoka mkoani Kigoma, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito anarudi lini kwenye shughuli zake, na aanze lini mazoezi. Nimezijibu kwa kufuata kazi ya kila mwandishi na si aina ya upasuaji peke yake, kwa sababu wiki tatu za karani wa dukani si wiki tatu za mchukuzi wa mwaloni. Majina tumeyaondoa. Pale ambapo daktari aliyekupasua amekuambia tofauti na ninayoyaandika hapa, mfuate yeye, kwani ndiye aliyeona kilichomo ndani ya tumbo lako.

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, nafanya biashara ya mawese na migebuka kati ya mwalo wa Kibirizi na soko la Mwanga. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa matundu, wakaondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Vidonda vyote vimekauka. Mdogo wangu ndiye aliyeshika biashara, na kila jioni hesabu hazitimii. Wifi yangu ananiambia mzigo haubebwi kwa tumbo bali kwa mikono na kichwa, kwa hiyo nirudi kazini. Juzi nilijaribu kuinua dumu la mawese nikahisi kitu kinavuta upande wa kulia wa kitovu, nikaliacha. Je, nimejiumiza? Na nirudi lini?

Jibu: Marahaba mama, na pole sana. Wifi yako anaitakia mema biashara yako, lakini kuhusu mzigo amekosea. Mtu anapoinua kitu kizito kutoka chini, misuli ya tumbo hukaza yote kwa pamoja ili kuushikilia uti wa mgongo, na msukumo ndani ya tumbo hupanda ghafla ukitafuta mahali dhaifu pa kutokea. Katika upasuaji wa aina yako daktari hutoboa matundu kadhaa, na moja kati yake hupanuliwa kidogo ili kipande cha mfuko kilichokatwa, ambacho ni kama robo tatu au zaidi ya mfuko wote, kipate kutolewa nje. Mara nyingi ni tundu hilo ambalo mgonjwa huendelea kulisikia likivuta wakati mengine yamekwisha kunyamaza. Ngozi ya juu hufunga kwa wiki mbili hivi, na ndiyo inayowadanganya watu wengi. Utando mgumu unaoshikanisha misuli chini yake hujiunga polepole mno, na hata wiki ya sita ikifika haujarudia nguvu yake ya awali. Ukiulazimisha, mafuta au utumbo hupenya hapo na kuleta ngiri, ambayo dawa yake ni kupasuliwa tena.

Kama maumivu yalikwisha ulipopumzika, yaelekea hukujiumiza. Lakini jipime leo: lala chali, weka vidole juu ya kovu lile, kisha kohoa. Ukihisi uvimbe unaosukuma vidole na kurudi ndani, nenda Hospitali ya Maweni wiki hii hii ukaonwe na daktari wa upasuaji. Uvimbe huo ukiwa mgumu, unauma na haurudi ndani, au ukaambatana na kutapika, usisubiri hata kesho.

Sasa tuzungumze kwa kilo, kwa maana ushauri wa “usibebe vizito” haumsaidii mtu wa mwaloni, ambaye kwake kizito ni gunia. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo kama 18. Kiasi ambacho madaktari wengi huruhusu katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni kilo 5, na wengine hufika 7. Kwa hesabu hiyo ulichojaribu kuinua juzi ni zaidi ya mara mbili ya unachoruhusiwa. Dumu la lita 5 lililojaa lina kilo nne na nusu, nalo ndilo liwe kipimo chako kwa sasa. Subiri ufike wiki ya sita, uonwe, kisha uanze na madumu hayo madogo, moja kila mkono, ukiongeza kidogo kila wiki ikiwa kovu halivuti. Dumu la lita 20 lingojee hadi miezi mitatu ipite, na kama una uwezo wa kumlipa mtu wa mkokoteni, mimi ningekushauri uliachie huko huko moja kwa moja.

Kuhusu kubeba kichwani, watu husema beseni likishakaa juu ya kata halimsumbui mtu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hatari iko katika kujitwisha na kutua. Mwanamke anayechuchumaa peke yake, akaliinua beseni la migebuka hadi magotini, kisha akalirusha kichwani kwa pumzi moja, amelikaza tumbo kuliko mtu anayesukuma toroli mlima mzima. Hata baada ya miezi mitatu, tafuta mtu wa kukutwisha na wa kukutua.

Lakini si lazima ukae nyumbani hadi siku hiyo. Kukaa kwenye meza, kupima, kupokea pesa na kufunga hesabu ni kazi ambayo mtu aliyepasuliwa kwa matundu, bila matatizo, huweza kuirudia kati ya wiki ya pili na ya tatu. Ningekuwa wewe, kesho ningekwenda kukaa pembeni ya mdogo wangu, yeye ainue na mimi nishike daftari. Hesabu zitatimia hata kabla mgongo wako haujarudi kazini.

Jihadhari na mambo mawili ukiwa hapo mwaloni. La kwanza ni jua. Mfuko wako wa chakula sasa hauwezi kupokea kikombe kizima cha maji kwa mkupuo, kwa hiyo ukisubiri kiu ikushike umekwisha kuchelewa. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha watu hospitalini katika wiki za mwanzo. Beba chupa, unywe mafunda madogo kila baada ya dakika chache hadi utimize lita moja na nusu au mbili kwa siku, ila usinywe wakati wa kula wala katika nusu saa inayofuata. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, jua umechelewa.

La pili ni chakula. Mwili unaokula kidogo hujila wenyewe, na hauchagui mafuta peke yake bali hula na misuli, ile ile unayoitegemea kwa kazi. Kinga yake ni protini, gramu 60 hadi 80 kila siku, na hapo wewe umebahatika kuliko wagonjwa wengi ninaowashauri, kwa kuwa unauza kile ambacho wengine wanakitafuta. Gramu 100 za mgebuka mbichi hutoa gramu kama 20 za protini, na dagaa waliokauka vizuri hutoa nyingi zaidi kwa uzito ule ule. Anza na samaki kwenye sahani, fuatisha mboga, na ugali wa muhogo uje mwisho kama nafasi imebaki. Mchemshe au umchome, usimkaange kila siku kwenye mawese, kwani kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori zaidi ya 100, nazo hupita kwenye mfuko mdogo bila kizuizi chochote.

Swali: Mimi ni karani wa mauzo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, nina mkataba na huu ni mwaka wa nne. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na daktari akanipa ED, yaani cheti cha kupumzika kazi, ya wiki tatu. Bosi anasema sikuwa mgonjwa, nilikwenda kutengeneza umbo, kwa hiyo siku hizo hazina mshahara, na ananitaka kazini siku ya kumi. Isitoshe, gari la saruji likija huwa tunashusha wote. Nifanyeje?

Jibu: Mimi ni tabibu, si wakili, lakini sheria hii kila mwajiriwa wa Tanzania Bara anapaswa kuijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Sharti ni kuleta cheti cha daktari, nawe unacho. Wiki tatu zako ni siku 21 tu, kwa hiyo kama hukuwa umetumia siku nyingine za ugonjwa, bado uko mbali na mpaka wa mshahara kamili.

Hoja ya “kutengeneza umbo” siikubali hata kidogo. Shirika la Afya Duniani limeuweka unene uliopitiliza katika orodha yake ya magonjwa, na upasuaji huu haufanywi kwa ajili ya kiuno. Hufanywa kwa watu ambao uzito umefika mahali pa kuleta kisukari, shinikizo la damu, kukoroma kunakokata pumzi usingizini na magoti yasiyobeba mwili. Na hata mtu akibishana kuhusu sababu ya kupasuliwa, hawezi kubisha kwamba aliyepasuliwa jana leo hawezi kufanya kazi.

Hata hivyo sikushauri uanze na ugomvi. Rudi kwa daktari aliyekupa ED umwombe barua ya pili, isiyotaja tarehe peke yake bali inayosema unachoweza na usichoweza kufanya: aweza kukaa na kuandika kuanzia tarehe fulani, asiinue zaidi ya kilo 5 hadi tarehe fulani, apewe nafasi ya kula kidogo kidogo mara tano kwa siku na kunywa maji akiwa kazini. Waajiri wengi hugoma kwa sababu wamepewa karatasi isiyowaambia kitu zaidi ya “apumzike”. Mwenye duka naye ana gari linalosubiri kushushwa, na akiona kwamba mtu wake wa risiti anaweza kurudi kaunta wiki ya tatu, ingawa mfuko wa saruji wa kilo 50 hataugusa kwa miezi kadhaa, mara nyingi hulegeza msimamo. Barua haina haja ya kutaja upasuaji wenyewe; wafanyakazi wenzako hawana haki ya kuujua.

Akikataa na hilo, weka madai yako kwa maandishi, hifadhi nakala, kisha nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, kama huu wa mshahara, ndani ya siku 60, kwa hiyo usiuache ulale. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya afya, aangalie kama hali hiyo ni ya muda na kama ipo kazi nyingine anayoiweza. Ya kwako ni ya muda, na kazi nyingine ndiyo hiyo ya kaunta unayoifanya siku zote.

Kuhusu siku ya kumi: usikubali. Wapo wanaojisikia vyema mapema hivyo, lakini wakati huo bado unakula vya majimaji, na nguvu ya kusimama kwa muda wa saa nane haipatikani katika uji na mtindi.

Swali: Ni mwalimu wa sekondari, Ujiji, mwanaume wa miaka 38. Miezi minane iliyopita nilifanyiwa ule upasuaji wa kuupita mfuko wa chakula, yaani utumbo kuunganishwa juu. Nimetoka kilo 138 hadi 97. Siku za kazi, baada ya chai ya saa nne na maandazi mawili, ikifika saa sita kasoro natokwa jasho, mikono inatetemeka na naona giza nikiwa ubaoni. Nikipanda kutoka mjini kwenda Mwanga miguu inaisha kabisa. Wenzangu wananong’ona kwamba nina ule ugonjwa. Naweza kweli kurudi kwenye timu ya mpira ya walimu?

Jibu: Mwalimu, hongera kwa kilo 41, na tuanze na maandazi. Katika upasuaji wako chakula kinaingia kwenye utumbo haraka mno. Sukari ya chai na unga mweupe hufyonzwa kwa kasi, mwili hushtuka na kumwaga insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu, kupita kiasi, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu huporomoka. Jasho, mitetemo na giza la saa sita kasoro ndiyo maporomoko hayo. Badilisha chai hiyo: yai la kuchemsha, karanga au dagaa, na chai isiyo na sukari uinywe nusu saa baadaye. Ikikukuta tena, kaa chini, mwachie darasa kiranja, upime sukari kama kifaa kipo. Kama zamani ulikuwa unatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu na dozi haijapunguzwa tangu upasuaji, nenda kliniki kabla hujasoma aya inayofuata, kwa sababu dozi ya mtu wa kilo 138 inaweza kumwangusha mtu wa kilo 97.

Miguu inayoisha mlimani ina sababu mbili zinazowezekana, na ni lazima zitenganishwe. Moja ni damu pungufu: upasuaji huu hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma na vitamini B12, na ndiyo maana vidonge vya vitamini, kalsiamu na chuma ni vya maisha yote, si vya mwezi wa kwanza. Pima wingi wa damu, chuma na B12. Ukianza kuhisi ganzi miguuni, au umekuwa ukitapika kwa siku nyingi, hilo ni la haraka zaidi, kwa sababu upungufu wa vitamini B1 huharibu neva na hausubiri foleni.

Sababu ya pili ni misuli. Katika kilo 41 ulizopoteza, sehemu yake si mafuta. Kutembea hakuirudishi, ingawa watu wengi husimama kwenye kutembea wakadhani wamemaliza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa dakika hizo, mji wenu una vilima vya kutosha: panda kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Kwa nguvu, huhitaji jimu. Kaa kwenye kiti cha darasani, mikono umeikunja kifuani, simama na ukae mara kumi bila kujishika, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta, kisha wiki zikipita sukuma dawati, kisha sakafu. Beba ndoo ya maji yenye nusu kila mkono, uzunguke nyumba. Mazoezi haya yanailinda na mifupa, ambayo baada ya upasuaji wako hupoteza uimara.

Mpira, ndiyo, miezi minane inatosha kwa tumbo, mradi damu yako iwe sawa na sukari iache kuanguka. Anza na mazoezi ya timu kwa wiki nne kabla ya mechi, na kula kitu chenye protini saa moja au mbili kabla. Ukiumia goti, usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, hata kama mchezaji mwenzako anakupa kwa upendo, maana dawa za kundi hilo huchimba vidonda kwenye kiungio cha mfuko na utumbo. Parasetamoli ndiyo yako. Ngozi iliyolegea tumboni haikazwi na mazoezi yoyote, kwa hiyo usijilaumu. Vaa nguo ya ndani inayobana ili isipige unapokimbia, na zikaushe vizuri mikunjo yake baada ya jasho.

Kuhusu minong’ono, mwalimu, una njia mbili na zote ni halali: kumwambia mmoja anayeaminika ofisini kwamba ulipasuliwa, akausambaza ukweli kama walivyousambaza uongo, au kukaa kimya. Cheti cha hospitali usimwonyeshe mtu kwa kulazimishwa.

Swali: Naendesha bodaboda. Nimewekewa puto la kupunguza uzito tumboni, Hospitali ya Mloganzila. Naruhusiwa kubeba abiria baada ya siku ngapi?

Jibu: Puto si upasuaji, kijana wangu, huingizwa kwa mdomo, na hapakatwi kitu, kwa hiyo hakuna kovu la kusubiri. Kinachokuzuia ni kichefuchefu na kutapika kwa siku kama tatu hadi tano za mwanzo, pamoja na dawa zake ambazo nyingine huleta usingizi. Ukiweza kunywa maji yakakaa na ukapita siku nzima bila dawa ya kulewesha, panda pikipiki. Maputo mengine hujazwa maji yenye rangi ya bluu, kwa hiyo ukikojoa kijani au bluu, ujue limepasuka, uende hospitali siku hiyo hiyo. Na tarehe ya kulitoa, ambayo kwa maputo mengi ni miezi sita, iandike mahali usipoisahau.

Swali: Nimepangiwa upasuaji Dar es Salaam na nitarudi Kigoma kwa treni au basi. Nisafiri baada ya muda gani, na nijiandae vipi?

Jibu: Dada, swali hili lingetangulia mengine yote kama lingefika mapema. Hatari kubwa ya safari yako ni damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kusafiri hadi mapafuni, na uwezekano huo huongezeka kwa mtu mwenye uzito mkubwa, aliyepasuliwa karibuni, anayekaa bila kunyoosha miguu. Wewe utakuwa na yote matatu, katika safari ambayo kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Tafuta ndugu wa kukaa naye Dar hadi uonwe mara ya kwanza baada ya upasuaji, yaani wiki moja hadi mbili, na umwombe daktari akuruhusu safari waziwazi. Mwulize pia kama utahitaji kuendelea na sindano za kuzuia damu kuganda na kwa siku ngapi.

Kati ya vyombo viwili, mimi ningechagua treni, kwa sababu tu unaweza kusimama na kutembea kwenye korido kila saa. Ukipanda basi, chukua kiti cha pembeni mwa njia, chezesha vifundo vya miguu kila unapokumbuka, na kila linaposimama shuka uzunguke. Usijinyime maji kwa kuogopa choo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikatika ghafla, teremka mji wowote wenye hospitali, iwe Dodoma au Tabora, bila kujali nauli iliyobaki. Andaa uji mwepesi na mtindi wako mwenyewe, kwa kuwa chipsi na nyama za kituoni si chakula chako kwa wiki hizo.

Kabla hujaondoka hospitalini, dai muhtasari ulioandikwa kwa mkono unaosomeka au kuchapwa: aina ya upasuaji, tarehe, dawa, uzito wa juu unaoruhusiwa kuinua na hadi lini, na simu ya idara. Utautumia mara mbili, Maweni utakapokwenda kuonwa na kazini utakapodai kazi nyepesi. Utoe nakala, na ule wenyewe ukae kwenye pochi ya mkononi, si kwenye begi lililofungiwa chini ya basi.